Tulivyoikuta dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Safari hii ilianza na neno moja. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka nchini tulikwenda Kilwa Kisiwani pamoja na binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 11. Chombo kilipokaribia kisiwa, kitu cha kwanza kutulaki kilikuwa ile ngome ya ufukweni, ambayo sehemu ya kuta zake imekwisha kuliwa na bahari. Binti akauliza jina lake, akajibiwa kuwa ni Gereza. Akauliza tena ni nani waliofungwa humo. Mwongozaji wetu, mtu mwenye subira, akamweleza kuwa ngome inayoonekana sasa ni ya zama za Waarabu wa Oman, lakini kabla yake palikuwa na ngome ya Wareno ya mwaka 1505, na kwamba neno lenyewe limetoka kwa hao Wareno: igreja, maana yake kanisa. Wareno walikuwa wakiweka makanisa ndani ya ngome zao. Baadaye ngome zikawa mahali pa kufungia watu. Wazee wetu wakaliacha neno pale pale lilipo, ila maana yake ikageuka.

"Na wao je," binti akauliza, "walichukua nini chetu?"

Tulikuwa watu wazima watatu juu ya mchanga ule, na hakuna aliyekuwa na jibu la haraka.

Jibu lilikuja kwa njia ya mwaliko. Tunaye binamu aliyeolewa na kijana wa Msumbiji, na kwa miaka kadhaa sasa wanaishi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Kila Idi alikuwa akituambia njooni, nasi kila Idi tulikuwa tukisema inshaallah kwa ile namna ambayo kila mtu anajua maana yake. Safari hii tulikwenda kweli. Habari za viza na foleni zake tunaziruka, kwa kuwa aliyezipitia anazijua na ambaye hajazipitia hatatusadiki. Tulifika mwanzoni mwa majira ya joto, wakati ambapo Magharibi huingia saa tatu usiku na Isha hukaribia saa tano. Mwenyeji wetu alitupa siku moja ya kupumzika, kisha akatuambia tusianze na Lisbon. "Nendeni kwanza pwani ya kusini," alisema. "Mkirudi mtauelewa mji huu."

Treni kutoka Lisbon hadi Faro huchukua kama saa tatu. Jimbo lile la kusini linaitwa Algarve, na msomaji anayejua herufi mbili tatu za Kiarabu atalitambua mara moja: al-Gharb, yaani Magharibi. Waislamu walivuka kuingia rasi ile mwaka 711, na sehemu hii ya kusini ilibaki mikononi mwao hadi mwaka 1249, Faro ilipotekwa. Ni zaidi ya miaka 500. Majina ya miji yamebaki kama magamba ya samaki kwenye ubao wa muuza samaki aliyekwisha kwenda zake. Albufeira ni al-buhayra, ziwa dogo. Hata aldeia, neno la Kireno la kijiji, ni neno la Kiarabu lililovaa kanzu fupi.

Kutoka Faro tulipanda treni ndogo ya pwani hadi Olhão, mji wa wavuvi. Hapa ndipo tuliposhangaa kwa mara ya kwanza. Tulitarajia mapaa ya vigae vyekundu kama ya kwenye kalenda, badala yake tukakuta nyumba nyeupe za mraba, zimebanana, vichochoro vyembamba, na juu ya kila nyumba paa bapa la sakafu lenye ngazi ya nje. Mmoja wetu amekulia Mji Mkongwe wa Mombasa, na alisimama katikati ya kichochoro akicheka peke yake. Paa hilo wao huliita açoteia, neno lililotoka kwa Kiarabu cha sat-hi, juu ya nyumba. Wake wa wavuvi walikuwa wakianika juu yake tini na samaki, na kutoka hapo wakitazama kama mashua zinarudi. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia kizingiti alituona tukitazama juu, akatuashiria tupande. Hatukuwa na lugha ya pamoja naye, lakini alituonesha bahari kwa mkono, kisha akaonesha pete ya ndoa, kisha tena bahari. Tulielewa.

Soko la samaki la Olhão liko ukingoni mwa maji, katika majengo mawili ya matofali mekundu yenye minara midogo pembeni. Kwa msafiri Muislamu pwani hii ni nafuu kubwa. Nguruwe yuko kila mahali katika mapishi ya Ureno, hata katika supu ya mboga unayoidhania salama hukutana na kipande cha soseji, na mvinyo hutiwa kwenye michuzi bila kutajwa. Lakini samaki huchomwa juu ya makaa kwa chumvi tu, wakaletwa na viazi vya kuchemsha, limau na mafuta ya zeituni. Tulikula sardini, samaki mfano wa dagaa papa wetu, kwa siku tano mfululizo, na binti yetu akatangaza kwamba hataki kumwona tena mpaka afike Feri. Mafuta ya zeituni wao huyaita azeite. Tulianza kuwa na mchezo wa mezani: nani atatambua neno jingine. Sukari, açúcar. Mto wa kulalia, almofada, kutokana na al-mikhadda. Na siku moja tulipomsikia mwenye mkahawa akimwambia mwenzake oxalá, na tukaelezwa kuwa maana yake ni "natumai iwe", na kwamba asili yake ni dua ya Waislamu ya kutaka Mwenyezi Mungu apende jambo liwe, mchezo ulisimama kidogo. Kumbe watu wale hawakuacha kuisema. Waliacha tu kujua wanamsemesha nani.

Kijiji tulichokipenda kuliko vyote ni Santa Luzia, mwendo mfupi kutoka mji wa Tavira. Ni mstari mmoja wa nyumba ukingoni mwa mkondo wa maji ya chumvi, mashua zikiwa zimefungwa mbele yake. Kazi ya kijiji ni pweza. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunajidhania mabingwa wa pweza, na pengine ndivyo tulivyo. Kina mama wa kwetu huingia mwambani maji yakipwa, na vijiti vyao, wakachokoa shimo moja baada ya jingine. Watu wa Santa Luzia hawamfuati pweza, humjengea nyumba. Hufunga vyungu kwenye kamba ndefu, wakavizamisha bila chambo chochote. Pweza kwa tabia yake hutafuta mahali pembamba pa kujificha. Hukiona chungu, akaingia, akajikunyata akiamini amepata amani. Kamba huvutwa naye yumo ndani. Chungu hicho wanakiita alcatruz, nalo ni neno la Kiarabu, al-qadus, chombo cha kutekea maji kwenye gurudumu la kisima. Siku hizi vingi ni vya plastiki, lakini vya udongo bado vimepangwa gatini, vimeota magamba ya chaza.

Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo akitengeneza kamba. Binti yetu alichuchumaa mbele yake, akamwonesha kwa vidole namna kina mama wa kwetu wanavyompindua pweza kichwa na kumpigapiga juu ya jiwe hadi alainike. Mzee alicheka mpaka akaweka kamba chini, akapiga jiwe kwa kiganja chake mara tatu kuonesha kuwa naye anajua. Hatujui kama tumepata mazungumzo marefu zaidi ya yale katika safari nzima.

Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja, kwa ruhusa ya msafiri, nyuma ya ghala la nyavu. Sisi tuliozoea kuelekea kaskazini tulipata tabu kuizoesha miili yetu: huko qibla ni mashariki, kikielemea kusini kidogo, na kila mara mguu wa kulia ulikuwa ukitaka kwenda pengine.

Silves tulikaa saa chache tu, nao unastahili zaidi. Una ngome ya mawe mekundu juu ya kilima, na chini yake makumbusho yaliyojengwa kukizunguka kisima cha Waislamu cha zama za Almohad, ambamo ngazi huzunguka ukutani ikishuka gizani. Mji huu ulitekwa mwaka 1189, Waislamu wakaurejesha mwaka 1191, ukapotea tena moja kwa moja kabla ya karne ile kufika nusu yake. Ujana wake Al-Mu'tamid aliupitisha hapa akiwa gavana, kabla ya kuwa mfalme wa Sevilla. Alisifika kwa ushairi na kwa starehe, na alifariki mwaka 1095 akiwa mfungwa huko Aghmat, Morocco, baada ya kupokonywa ufalme na Waislamu wenzake aliowaita wamsaidie. Maneno hayo ya mwisho mwongozaji aliyasema haraka. Sisi tungependa angeyasema taratibu.

Kisha Lagos.

Lagos ni mji mzuri, na uzuri wake ndio uliotutia ugumu. Miamba ya rangi ya dhahabu imesimama baharini, wageni wamelala mchangani, watoto wanakula aiskrimu. Katikati ya mji upo uwanja wenye sanamu ya mwana wa mfalme Henrique, ambaye Waingereza humwita Baharia ingawa mwenyewe hakusafiri mbali. Pembeni mwa uwanja huo lipo jengo dogo lenye matao. Linaitwa Soko la Watumwa, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Tarehe 8 Agosti 1444 walishushwa ufukweni hapo mateka 235, waliotekwa katika pwani ya nchi inayoitwa leo Mauritania. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wa makabila ya Sanhaja. Mwandishi wa mfalme, Zurara, aliandika aliyoyaona: jinsi walivyogawanywa mafungu, mama akishika watoto wake na kujilaza chini juu yao wasichukuliwe, na jinsi Henrique alivyokuwa juu ya farasi akipokea sehemu yake, moja ya tano, watu 46. Mwandishi yule aliwahurumia, na hapo hapo akamshukuru Mungu kwa kuwa roho zao zitaokolewa. Tulitafsiriwa maneno yale na kijana wa makumbusho, naye aliyasoma kwa sauti ya chini.

Mwaka 2009, wachimbaji waliokuwa wakijenga maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, watu wazima na watoto, mahali palipokuwa jalala la mji. Maegesho yalijengwa. Tulishuka kuyaona. Ni maegesho tu, kama mengine, yana mashine ya tiketi na harufu ya petroli. Tulisoma dua tuliyoweza kwa waliokuwa Waislamu miongoni mwao, tukatoka.

Kabla hatujafika kituoni binti yetu alisimama. Alikuwa kimya tangu makumbusho.

"Baba," alisema, "na sisi tulifanya hivi?"

Ingekuwa rahisi kumjibu kuwa hawa walikuwa Wazungu, na kwamba makosa ni ya wenye mashua. Lakini yeye amefika Kilwa Kivinje pamoja nasi. Ameiona ile barabara inayoshuka baharini. Mateka kutoka upande wa Ziwa Nyasa waliteremshwa pale kwa maelfu katika karne ya 19, wakapakiwa kwenda Unguja, na waliowapakia walikuwa wakiswali swala tano kama sisi, na katika walionunua wapo ambao majina yao yangali yakitajwa kwa heshima misikitini mwetu. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na halikufungwa kwa fatwa ya mashekhe wetu. Mmoja wetu alimjibu: "Ndiyo, mwanangu." Mwingine akaongeza kuwa Uislamu ulihimiza kuacha huru watumwa. Binti akasema anajua, amesoma madrasa. Hatukuongea tena mpaka treni ilipofika, na tunaandika haya hapa kwa sababu tunadhani wapo wazazi wengine watakaoulizwa.

Njiani kurudi tulipitia Sines, alikozaliwa Vasco da Gama. Ni kijiji cha wavuvi kilichomezwa na bandari ya mafuta. Lipo boma, ipo sanamu yake ikitazama bahari, na upepo wa kukaribia kukuangusha. Tulipiga picha moja. Hatukumpa zaidi ya hapo.

Lisbon, kama alivyosema binamu, ilionekana tofauti tuliporudi. Mtaa wa kale wa Alfama ni al-hamma, chemchemi ya maji moto. Baada ya mji kutekwa mwaka 1147, Waislamu waliobaki walipewa kuishi nje ya ukuta, chini ya kilima cha ngome, mtaa ulioitwa Mouraria. Walikaa humo kwa karne tatu na nusu, hadi Desemba 1496, mfalme Manuel wa Kwanza alipotoa amri ya kuwafukuza Mayahudi na Waislamu wote katika nchi yake. Leo Mouraria umejaa Wabangladeshi. Tulinunua nyama halali katika duka lenye maandishi ya Kibengali, tukaswali Alasiri katika chumba cha chini chenye mazulia ya plastiki, jirani na duka la simu. Imamu alisalimia kwa Kireno. Mfalme Manuel angeshangaa.

Kwa makumbusho, mji ule hauna mwisho, na tunakiri kuwa tulichoka. Makumbusho ya vigae, yaliyo katika nyumba ya watawa ya mwaka 1509, yana picha ya Lisbon nzima kabla ya tetemeko la Novemba 1755, imechorwa juu ya vigae vya buluu na nyeupe kwa urefu wa zaidi ya meta 20. Neno lao la kigae, azulejo, nalo ni la Kiarabu. Katika mkusanyiko wa Calouste Gulbenkian, Muarmenia mzaliwa wa Istanbul aliyetajirika kwa mafuta na kufia Lisbon mwaka 1955, tulisimama mbele ya taa za msikiti za kioo, kazi ya zama za Mamluki, zenye maandishi yaliyochorwa kwa rangi na dhahabu. Zimepangwa kwa heshima na mwanga mzuri. Hazina utambi. Mwendo mfupi kutoka hapo upo Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, kazi iliyoanzishwa hasa na Waislamu waliotoka Msumbiji. Ijumaa tuliswali humo.

Na ndimo tulimokutana vizuri na baba mkwe wa binamu yetu. Ni mzaliwa wa kisiwa cha Ibo, kaskazini ya Msumbiji, na lugha yake ni Kimwani, ambacho kwa sikio la Mswahili ni kama sauti ya jamaa anayezungumza chumba cha pili: maneno mengi unayapata, mengine yanapita. Tulimwita Babu kama wajukuu zake wanavyomwita. Ana miaka zaidi ya 40 Ureno, amefanya kazi za ujenzi, magoti yamechoka. Tulipomwambia kwamba kesho tunakwenda kuitazama dhahabu ya Kilwa, aliuliza dhahabu gani. Tukamweleza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Wanangu, nimepita mbele ya mlango ule nikibeba saruji. Hakuna aliyeniambia."

Basi tukaenda naye. Kwanza alitaka Belém, kwa kuwa tramu inapita huko. Monasteri ya Jerónimos ni jengo la kumfanya mtu ashushe sauti hata asipotaka. Mawe yamechongwa kama kamba za merikebu na matumbawe. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga ikiwa mbele. Ndani ya mlango wa kanisa lake lipo kaburi la Vasco da Gama, sanamu yake imelala na mikono imekutanishwa kifuani. Watu hulipiga picha. Babu alilitazama kwa muda, akauliza kama huyu ndiye aliyechoma jahazi la mahujaji. Ndiye. Ilikuwa mwaka 1502, katika safari yake ya pili: aliikamata karibu na pwani ya Malabar merikebu iliyokuwa ikirudisha watu kutoka Makka, mamia yao, wanawake na watoto wakiwamo, akachukua mali, kisha akaamuru ichomwe moto na watu wakiwa ndani. Babu hakusema neno. Alivuta uradi wake mfukoni, akatoka nje kutungoja juani.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale yako katika kitongoji kilicho juu ya mto Tejo. Tulipanda, tukapita mapicha mengi ya watakatifu, na katika chumba chenye giza kidogo tukakiona.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea mkate wa ibada yao ili waumini wautazame. Kimo chake ni sentimita 73. Ni dhahabu tupu iliyopambwa kwa rangi zinazong'aa, kama mnara mdogo. Chini yake mitume 12 wamepiga magoti, juu yao nguzo nyembamba kama vidole vya mtoto. Aliyekitengeneza anatajwa kuwa ni Gil Vicente, na kilimalizika mwaka 1506 kwa amri ya Manuel, yule yule wa amri ya kufukuza. Hakuna awezaye kudai kuwa watu wamebuni asili yake, kwa maana imeandikwa kwenye kitako chenyewe: kwamba mfalme huyo aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Tuliyajua hayo kwa kusoma. Julai 1502, katika safari ile ile ya merikebu ya mahujaji, Da Gama aliingia bandari ya Kilwa na mizinga yake, akamtaka Amiri Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kila mwaka. Waandishi wa Kireno wanasimulia kuwa amiri aliahidi mithkali 1,500, zaidi ya kilo 6 za dhahabu, akamtoa rehani mtu mkubwa wa mji, Muhammad Ankoni, kisha akajikalia kimya bila kulipa, akitumai mgeni atammalizia mpinzani wake. Na kwamba Ankoni alilipa mwenyewe ili aachiliwe. Mwaka 1505 Wareno walirudi na jeshi, wakaupora mji, Ibrahim akakimbia, nao wakamvika huyo Ankoni utawala. Kwa hiyo hata katika kisa hiki fitina ya ndani haikukosekana. Na dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyuma ya Sofala, katika nyanda za Zimbabwe, kwa mikono ya watu ambao hawakuandikwa kwenye kitako cha chombo chochote. Kilwa ilitajirika kwa kuitoza ushuru.

Lakini kuyajua ni jambo moja. Kusimama mbele ya kile chombo ni jingine. Tulijiandaa kwa hasira, na hasira ilikuwapo. Hatukujiandaa kwa uzuri wake. Ni kizuri mno, na katika dini yetu hatuna mahali pa kukiweka: ni kitu cha ibada isiyo yetu, kimefinyangwa kwa mali iliyotolewa chini ya mdomo wa mzinga kutoka mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa ucha Mungu wa watu wake na ukarimu wa sultani wake. Mmoja wetu alisema kirejeshwe. Mwingine akauliza kirejeshwe wapi, na nani akitumie, na je, tukiyeyushe? Tulibishana kwa kunong'ona mbele ya mlinzi. Mpaka leo hatujakubaliana, na gazeti hili litupe ruhusa ya kukiri hivyo hadharani. Kitu kimoja tulikubaliana: kibao cha maelezo kilitaja jina la mfalme, la sonara na la baharia, na Kilwa ikatajwa kama mahali pa kutolea dhahabu tu, pasipo kusemwa kuwa palikuwa na mji, msikiti mkubwa, wala sarafu zenye jina la sultani.

Binti yetu hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameinama karibu na kioo, daftari juu ya goti, akinakili herufi moja moja kutoka kwenye kitako, na Babu amemwinamia akimsaidia kusoma, maana kusoma Kireno anajua. Kidole chake kilisimama. "Quiloa," alisema. "Hapa. Tazama, mwanangu, ni Kilwa." Alilisema jina kwa Kimwani, kama mtu anayeutaja mji wa jirani. Mlinzi akasogea, tukadhani atatukemea kwa kukaribia kioo. Akauliza tumetoka wapi. Babu akamwambia kwa Kireno, akionesha kwanza sisi, kisha chombo. Mlinzi akamtazama, akatutazama, akarudi nyuma hatua mbili na kutuachia nafasi.

Baadaye tulikaa katika bustani ya makumbusho, juu ya mto. Merikebu ya mizigo ilikuwa ikitoka taratibu kuelekea baharini. Binamu alikuwa ametufungia mkate na mayai, na Babu alikula nusu yake kisha akamwomba binti amwoneshe tena lile daftari. Alitusikia tukizungumza habari ya neno gereza na akataka kuelezwa upya, tangu mwanzo, igreja na yote. Alicheka kidogo. Akauliza kama ile ngome bado imesimama, na kama mtu anaweza kuiona akiwa chomboni. Tukamwambia inaonekana.

"Mkifika," alisema, "nipigieni picha. Ya huku nimekwisha kuiona."

Mwezi uliopita tulikwenda tena Kilwa, tukampelekea picha tatu. Amejibu kwa sauti, kwa Kimwani, na tumelazimika kuisikiliza mara mbili. Anauliza ile mikoko iliyo ubavuni, je, ilikuwapo, au imeota baadaye.